Kioo cha mbele kufunga ukungu na AC kujiwasha yenyewe: wana Tanga tupeane uzoefu

Baba Nasra

Assalam aleikum wadau, habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu wa hili jambo maana masika ndo hii imeingia na mi yameshanikuta, sitaki yamkute mwenzangu.

Gari yangu ni ya cc 1500. Ukizungusha swichi ya upepo ukaiweka kwenye ile alama ya kioo chenye mishale inayopanda juu, AC inajiwasha yenyewe hata kama hujaigusa. Unasikia "ka!" kule mbele, sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inashuka kidogo alafu inarudi. Mi nilikuwa naona hasara tupu, AC inakula mafuta na mi nataka upepo wa kawaida tu upige kioo. Nikaenda kwa fundi mmoja nikamwambia hiki kitu kiondoe, hakubisha wala hakuniuliza kwanini, akafungua dashibodi akakata waya mmoja nyuma ya ile swichi akaufunga solotepu, dakika 20 kazi imekwisha nikaondoka nafurahi.

Sasa juzi tunatoka msibani Muheza, saa mbili usiku, tuko watano, mama yangu mzee kakaa mbele na mimi, nyuma shangazi zangu wawili na mdogo wangu. Mvua ilitukuta tunatoka kwenye turubai kwenda kwenye gari, kanga zinachuruzika, viatu vimejaa maji, tukafunga vioo vyote tukaondoka. Tunakaribia Pongwe kioo kikaanza kufunga, kwanza pembeni chini, alafu kikapanda. Nikaweka upepo kwenye kioo, feni namba 4, ndo kwanza ukungu unazidi. Mara likatokea roli mbele na taa zake, kioo chote kikawa cheupe kama shuka, sioni mstari sioni ukingo wa barabara, wallahi moyo ulisimama. Mama akavuta ncha ya kanga yake akanyoosha mkono akanifutia mbele yangu duara la ukubwa wa sahani, na kupitia hiyo sahani ndo niliona njia nikatoka pembeni nikawasha hazadi.

Na kitufe cha AC kilikuwepo palepale mbele yangu kinafanya kazi vizuri tu. Sikukigusa kwasababu maisha yangu yote najua AC ni ya kupooza joto, na sisi pale tulikuwa tunatetemeka kwa baridi.

Naomba mwenye ujuzi na mwenye yaliyomkuta aseme.

Fundi wa Ngamiani

Pole sana Baba Nasra, na mpe pole bi mkubwa. Nafanya kazi ya AC za magari miaka mingi hapa mjini na hiyo ya kukata waya naletewa kila masika, nairudishia tu.

Iko hivi. AC haipoozi tu, AC inakausha. Nyuma ya dashibodi kuna kitu kama redieta ndogo, gesi inapita mle inakuwa ya baridi sana, hewa ikipita hapo maji mengi yaliyomo kwenye hewa yanageuka matone yanashuka kwenye mpira mdogo yanatoka chini ya gari. Yale maji unayoyaona yanadondoka chini ukipaki sehemu baada ya kuwasha AC ndo hayohayo, yalikuwa kwenye hewa uliyokuwa unavuta. Sasa hewa ikishakaushwa ndo inapita kwenye hita, ukiweka kisu (ile swichi ya joto na baridi) upande wa moto inakutokea kavu na yamoto, ikipiga kioo inabeba ule unyevu wote. Ndo maana waliotengeneza gari wakaunganisha zile swichi mbili, ukitaka upepo wa kioo AC iamke yenyewe usije ukasahau.

Watu wengi wanaogopa kuwasha AC na hita pamoja wanadhani gari itaharibika au vinapigana. Havipigani. Kimoja kinakausha kingine kinapasha.

Hapa kwetu Tanga hewa yenyewe imejaa maji, ya baharini, ukiongeza watu 5 wamelowa wanapumua mle ndani hakuna feni ya peke yake itakayokusaidia, ulikuwa unachukua unyevu unaupiga kwenye kioo.

Mama Swaumu

Pole kaka yangu, nimesoma hadi machozi yamenilenga kwa hiyo kanga ya mama.

Mimi yangu haikuwa waya ilikuwa kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka kwa ndani, kinachozungusha hewa ya humohumo. Nilikuwa sikitoi hata siku moja kwa ajili ya vumbi, maana naenda Pangani mara mbili kwa wiki kufuata dagaa na samaki, na mnaijua barabara ilivyokuwa na vumbi. Asubuhi napeleka watoto shule, wangu watatu na wa jirani wawili, wakishaingia wanapiga kelele wanaimba, kabla hatujafika kona ya kwanza kioo kimefunga. Nikawa natembea na kitambaa kila siku nafuta, na nikifuta kinabaki na michirizi ya mafuta taa za wenzangu zikipiga sioni kabisa. Kaka mmoja wa car wash ndo aliniambia dada hiki kitufe kitoe, hewa iingie ya nje, hawa watoto pumzi zao zinazunguka humuhumu. Nikakitoa, siku ileile nikaona tofauti.

Na michirizi akaniambia ni ile dawa ya kung'arisha dashibodi, jua likipiga inapanda inaganda kwenye kioo kwa ndani. Nikafuta na maji yenye sabuni ya vyombo kidogo sana nikamalizia na gazeti kavu. Sasa hivi dashibodi nafuta kwa kitambaa cha maji tu, sitaki kung'aa.

Swali langu fundi, mi nikishatoa ukungu nikarudisha upepo usoni AC yangu haizimi, inabaki inawaka. Ni ubovu?

Fundi wa Ngamiani

Sio ubovu dada. Gari nyingi zinaiacha ikiwa on mpaka uizime mwenyewe kwa kitufe. Nyingine ukitoa tu swichi inarudi ilivyokuwa mwanzo. Nyingine zinakukubalia kuizima AC hapohapo upepo ukiwa kwenye kioo, nyingine zinakataa katakata, unabonyeza taa inazima lakini kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, bado inazunguka. Kwahiyo taa usiiamini sana, sikiliza ile "ka!" na angalia sailensa.

Ambaye hataki kabisa AC iingie, jaribu alama ya kioo na miguu kwa pamoja, kwenye baadhi ya gari hapo haiiti AC. Na gari za karibuni zenye kompyuta baadhi yake mpangilio huo unabadilishwa kwa mashine, hakuna haja ya mkasi. Ila mi ushauri wangu iache.

Mtoto wa Chumbageni

Wakuu yangu ni kinyume kabisa na ya Baba Nasra na naomba watu wa usiku msome vizuri.

Naendesha teksi, usiku mi ndo ofisi yangu. Kuna abiria nilimchukua Raskazone saa saba usiku anataka AC ya barafu, nikaweka 18 upepo namba ya mwisho, na swichi nilikuwa nimeisahau inapiga kioo toka mchana. Tumeanza tu kutembea kioo chote kikafunga, nikachukua kitambaa nafuta, nafuta, hakitoki. Nikaongeza AC ndo kikazidi. Abiria ndo akaniambia kijana, mbona ukungu uko nje. Nikapiga waipa mara moja kikawa safi kabisa, baada ya dakika mbili ukungu umerudi.

Ni kama soda ya baridi ukiitoa kwenye friji ukaiweka mezani inavyotoka jasho kwa nje, kioo changu kilikuwa ndo ile chupa. Sasa nafanya hivi, kwanza napitisha kidole kwa ndani. Kidole kikiacha alama ukungu uko ndani, nawasha AC na joto napeleka kwenye kioo. Kidole kisipoacha alama uko nje, napiga waipa, naondoa upepo kwenye kioo naupeleka usoni au miguuni, na napandisha hadi 24 au 25. Abiria akilalamika joto namweleza, usalama wetu wote.

Kwahiyo hiyo swichi kujiwasha AC ina shida yake kwa sisi wa pwani, ukiiweka usiku wakati kisu kiko upande wa baridi inakutengenezea ukungu mwingine kwa nje.

Fundi wa Ngamiani

Kijana kamaliza. Upepo wa kioo na kisu upande wa moto, vyote viwili.

Mbega wa Soni

Mimi napanda Mombo kwenda Lushoto karibu kila wiki, kilomita kama 33, kona juu ya kona, kagari kangu cc 1000. Mnafahamu hali, Mombo mnatoka jasho, mkifika Soni mnatafuta sweta, na ukungu wa mlimani unawapokea hapohapo. Nimebeba watu na mzigo AC ikiingia naiona nguvu inavyokatika, kompresa inavutwa na belti ya injini ileile, siwezi kusema haina uzito.

Nikawa na mchezo wa kuwasha na kuzima. Kwenye mteremko nawasha, kwenye mpando mkali nazima. Siku moja nimezima kwenye kona mbaya, baada ya muda mdogo tu kioo kikafunga ghafla kuliko hata kabla sijawasha. Nilishangaa nikadhani AC imekufa. Mpaka leo sijapata jibu lake, fundi hebu nisaidie. Mimi niliona tu nikizima niwe nimeshafungua vioo vya pembeni kidogo, na feni nimeitoa kwenye kioo, hapo hakifungi kwa kasi ile.

Fundi wa Ngamiani

Umejijibu bila kujua. Ile redieta ndogo inakuwa imelowa chapachapa, ukizima kompresa ubaridi unaondoka ila maji yamebaki juu yake, feni inayapuliza yote yanarudi kwenye kioo. Kwahiyo mpando ukikubali acha iendelee, punguza feni, tumia gia ya chini, usiwashe na kuzima kila kona. Kama lazima uzime, hivyo unavyofanya ni sawa kabisa.

Makorora Ughaibuni

Shikamooni wakubwa zangu, niko Uingereza lakini kwetu Makorora. Huku nilipofika baridi ya kwanza asubuhi nikakuta kioo kina barafu kabisa kwa nje, nikataka kumwagia maji ya moto ya birika, jirani akanikimbilia akanishika mkono, kioo kingepasuka. Wanakwangua kwa plastiki, wanawasha gari, upepo wa kioo na joto la mwisho, wanasubiri. Na hapo nilijifunza kwamba AC nyingi zenyewe zinakataa kuwaka baridi ya nje ikikaribia nyuzi 0, hapo ni hita tu inafanya kazi. Nikaona mbona hii alama ya kioo tunayo hata kwenye gari za Tanga na sijawahi kumuona mtu anaitumia, babangu mwenyewe alikuwa anafuta na soksi.

Kingine, usiichanganye na ile ya kioo cha nyuma. Ile ya nyuma ni nyaya nyembamba za moto zilizobandikwa kwenye kioo, haihusiani na AC wala feni, na ukifuta kwa nguvu au ukibandua stika ovyo unakata waya mmoja unabaki na mstari wa ukungu milele.

Baba Nasra

Wadau nimerudi, nashukuru kila mmoja. Nilimtafuta Fundi wa Ngamiani, kafungua, kaunga ule waya kwa kuchomelea sio kusokota, kaweka na mpira wake. Akaangalia na gesi akasema iko vizuri. Leo alasiri mvua imepiga nikaingia kwa makusudi nimelowa, nikapandisha na watoto wanne, vioo tumefunga, nikasubiri kifunge. Kilipofunga nikaweka alama ya kioo, "ka!", hewa ya nje, kisu moto, feni 3. Kikaanza kufunguka chini kama pazia linavutwa kwenda juu, kabla ya dakika mbili naona mpaka namba ya bajaji iliyo mbele. Nikampigia mama nikamweleza, akasema basi kanga yangu sasa ipumzike.

Kwa mafuta, nitalipa. Ile AC ni ya dakika chache tu kioo kikishatulia naizima.

Nahodha wa Sahare

Samahanini nimechelewa kuuona huu uzi. Mimi nafanya yote hayo, AC, hewa ya nje, joto, na kioo bado kinafunga. Na ukungu wangu ukiufuta unateleza kama una mafuta, na kuna harufu ya utamu utamu kwenye gari, mke wangu anadhani ni pafyumu. Kapeti upande wa abiria imelowa kidogo.

Fundi wa Ngamiani

Nahodha hiyo sio ya hewa tena. Harufu tamu na mafuta kwenye kioo ni kulanti, yale maji ya dawa ya kupooza injini, redieta ya hita imetoboka nyuma ya dashibodi, mvuke wake ndo unapanda kwenye kioo. Gusa maji ya kwenye kapeti, yakiwa yanateleza ni hiyo kulanti, yakiwa maji safi ni ule mpira wa AC umeziba na hiyo ni kazi ndogo. Na kama kulanti inavuja basi kwenye redieta kubwa maji yanapungua, usije ukaunguza injini njiani. Usiiendeshe mbali. Angalia kiwango cha maji kesho asubuhi gari ikiwa imepoa kabisa, mfuniko usiufungue ikiwa ya moto, alafu niletee mapema kabla sijaanza nyingine, kutoa dashibodi ni kazi ya siku nzima.