Babu ana kifua kikuu, mtoto hana dalili: kwa nini apewe dawa?

Mzazi_Kibaha: Habari zenu. Baba mkwe, ambaye tunaishi naye nyumba moja, amegundulika kuwa na kifua kikuu cha mapafu na ameanza dawa katika kituo cha afya cha serikali. Muuguzi ameagiza nimpeleke binti yangu wa miaka mitatu akachunguzwe, na akaongeza kwamba hata akikutwa haumwi atapewa dawa. Mtoto hakohoi, anakula vizuri, na alichanjwa BCG alipozaliwa. Je, kuna haja ya kumnywesha dawa kwa miezi kadhaa?

Nesi_Mstaafu: Mpeleke, mwanangu, wala usisubiri akohoe. BCG humkinga mtoto hasa dhidi ya aina kali za ugonjwa huu, kama ile inayoshambulia utando wa ubongo, lakini haizuii kikamilifu kifua kikuu cha mapafu. Aliye chini ya miaka mitano akiambukizwa, anaweza kuugua ndani ya miezi michache, kwa sababu kinga yake bado ni changa. Watampima uzito, wataulinganisha na kadi ya kliniki, kisha wataulizia homa, kikohozi na kupungua kwa uchangamfu. Ikithibitika kwamba haumwi, atapewa dawa za kuzuia: isoniazidi kwa miezi sita, au rifampisini pamoja na isoniazidi kwa miezi mitatu. Mkojo ukibadilika kuwa mwekundu, usishtuke. Ni rangi ya rifampisini.

Mzazi_Kibaha: Nashukuru sana, mama. Na akikutwa anaumwa? Hawezi kutoa makohozi.

Mhudumu_wa_Jamii: Watoto wadogo humeza makohozi, kwa hiyo vimelea huweza kutafutwa katika choo chao kwa mashine ya GeneXpert. Hata hivyo, vimelea visipoonekana, daktari bado anaweza kuamua kumtibu kwa kuzingatia dalili, picha ya kifua na ukaribu wake na mgonjwa. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba ya miezi minne, badala ya sita, kwa watoto wengi wenye ugonjwa usio mkali. Dawa hutolewa bure katika vituo vya umma. Kinachozishinda familia nyingi ni nauli na gharama za vipimo vingine, jambo ambalo kwa maoni yangu halizungumzwi vya kutosha. Ukikwama, muulize mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya.

Baba_Wawili: Naongeza moja: idadi ya vidonge hutegemea uzito, kwa hiyo hakikisha anapimwa kila mnapokwenda kuchukua dawa, kwa kuwa akinenepa huenda dozi ikahitaji kuongezwa.