Pezi la nyuma likae wapi ili ubao ugeuke kwa wepesi kwenye wimbi la mto?

Mkaazi wa Njeru

Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijatoboa. Ninatengeneza ubao wa kuteleza juu ya mawimbi wenye urefu wa sentimita 170 na mapezi matatu chini ya mkia, nikikusudia kuutumia kwenye wimbi la Mto Nile, chini ya mji wa Jinja, Uganda. Ubao ninaoazima kwa sasa hunyooka vizuri sana, lakini nikitaka kuukata kuelekea kushoto huwa mzito, na mguu wa nyuma huchoka kabla ubao haujatii. Vipimo vyote nilivyovipata vimetolewa kwa ajili ya bahari. Je, niyaweke mapezi kama wanavyofanya wa baharini, au niyasogeze mbele? Nami ningependa kuelewa sababu, si namba pekee.

Fundi wa Masese

Ndugu, kwanza tuache kulifikiria pezi kuwa ni usukani. Usukani hugeuzwa kwa mkono, ilhali pezi limekazwa mahali pake na halielekezi chochote lenyewe. Anayegeuza ubao ni wewe, unapoulaza ubavu na kuusukuma mkia kwa mguu wa nyuma. Hapo pezi hukutana na maji kwa mshazari, nayo maji hulisukuma upande mmoja kama upepo unavyolisukuma tanga. Nguvu hiyo huuzuia mkia usiponyoke, na pale nguvu za mapezi yote zinapokutana ndipo ubao unapozungukia.

Ukilisogeza pezi la nyuma kuelekea mkia, mahali hapo pa kuzungukia hurudi nyuma, mkia hushika maji kwa nguvu zaidi, na ubao hupenda kwenda moja kwa moja. Ni salama penye kasi kubwa, lakini kila kona hudai nguvu ya mguu. Ukilisogeza mbele, ubao hulegea na kugeuka upesi, ila ukizidisha mkia utakuponyoka katikati ya kona.

Kwa ubao wa baharini wa mapezi matatu, mafundi wengi hupima kutoka ncha ya mkia hadi ukingo wa nyuma wa pezi: la nyuma huwa kwenye sentimita 8 hadi 9, na yale mawili ya mbele kwenye sentimita 28 au 29, yakiwa takriban sentimita 3 kutoka ubavuni. Usiiangalie namba moja peke yake. Nafasi iliyopo kati ya mapezi ya mbele na la nyuma ndiyo inayoamua umbo la kona: ikiwa pana, kona huwa ndefu na ya kujivuta, ikiwa finyu, ubao huzunguka karibu papo hapo. Wimbi letu ni fupi kutoka bondeni hadi kileleni, kwa hiyo kona ndefu haina pa kumalizikia. Mimi ningeweka ya mbele kwenye 27 na la nyuma kwenye 9 na nusu, kisha ningehakikisha mguu wa nyuma unakanyaga kati yake, kwa sababu mguu ukikaa mbele mno hata mapezi yaliyopangwa vizuri hayasaidii.

Usishawishike kuliondoa la nyuma kabisa ili kupata wepesi. Mark Richards, mteleza mawimbi wa Australia, alitwaa ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kwa mbao za mapezi mawili, lakini Simon Anderson, Mwaustralia mwenye mwili mkubwa, aliona mkia wa mbao hizo unamteleza, akaongeza pezi la tatu nyuma, na mwaka 1981 akashinda shindano la Bells Beach, Australia, kwa ubao huo.

Dada wa Kalagala

Nakubaliana na fundi kuhusu nafasi, lakini naona kuna jambo ambalo mtoni lina uzito zaidi kuliko hilo. Mapezi ya mbele huelekezwa ndani kidogo, ncha zake za mbele zikitazama pua ya ubao, kwa kawaida milimita 6 hivi katika urefu wa kitako chake. Mwelekeo huo huufanya ubao uingie kwenye kona kwa hiari, ila unalipia kwa ukinzani wa maji. Baharini ukinzani hukupunguzia kasi tu. Kwenye wimbi lililosimama, ambako maji hayakomi kupita chini yako, ukinzani hukurudisha nyuma hadi ukavuka kilele na kulipoteza wimbi, hasa siku ambazo bwawa la umeme lililo juu ya mto linaachia maji machache. Ndugu wa Njeru, mimi ningepunguza hadi milimita 4, na wepesi wa kona ningeutafuta kwenye nafasi ya pezi la nyuma.

Kuinamisha mapezi ya mbele kuelekea nje, nyuzi 5 au 6, kuache kama kulivyo: ubao unapolala, pezi la upande ulioinama husimama wima na kushika vizuri. Zaidi ya hayo, chagua pezi ambalo ukingo wake wa mbele umelala nyuma, kwa maana magugu maji hunasa kwenye pezi lililosimama, na kipande kidogo tu kikinasa kinatosha kuharibu kona.

Mkaazi wa Njeru

Fundi, dada, ahsanteni sana. Nitachukua 27 kwa mapezi ya mbele na milimita 4 za mwelekeo. Kwa la nyuma, je, niligande kwa rezini pale kwenye 9 na nusu?

Fundi wa Masese

Usiligande. Chimba mfereji wa sentimita 4 zaidi ya kitako cha pezi, utie kisanduku chenye skurubu, ili uweze kulisogeza kati ya 8 na 12. Anza na 9 na nusu, na kila mara usogeze nusu sentimita pekee, maji yakiwa katika kiwango kilekile. Kiwango kikibadilika, hutajua kilichobadilisha kona ni pezi au ni wimbi. Hoja ya dada kuhusu ukinzani naikubali.