Tupeane uzoefu: kusaka shela huku unapambana na kilo

Binti Katubuka
Wapendwa, habari za jioni. Harusi yetu ni Desemba na nimeanza kuzunguka kutafuta shela hapa Kigoma mjini. Mengi niliyoyaona Mwanga ni ya kukodi, na mazuri yote yamekatwa kwa wenye viuno vyembamba. Muuzaji mmoja kanikazania nichukue dogo, eti maharusi wote hupungua. Sukari nimeacha, jioni natembea, lakini moyo haujatulia. Mliopitia, mlichukua la mwili mlionao au la mwili mlioutaka?

Mama Gungu
La mwili ulionao. Kupunguza nguo ni kazi ya jioni moja, kuongeza ni vita.

Mpita Njia
Dada, punguza ugali wa muhogo usiku na mawese, utaingia kwenye lolote.

Mama Gungu
Kaka, kaulizia shela. Chakula kakuuliza nani?

Mpita Njia
Nimechangia tu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama kalori 120, na migebuka ya huku inaogelea humo.

Mjukuu wa Ujiji
Mawese muyaache jamani. Tatizo ni kipimo, hata alizeti ina kalori hizo hizo.

Mama Buzebazeba
Mada hii imenitonesha. Shela langu aliniletea shangazi kutoka Kariakoo, limeshalipiwa na halirudishwi. Lebo inasema 14. Mitumba yangu yote ilikuwa 14, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Siku ya kujaribu chumba kimejaa: mama, mawifi, matroni, na majirani waliokuja kushuhudia. Zipu ikapanda hadi juu kidogo ya kiuno, ikagoma. Wifi mmoja ananiambia nibane pumzi, mwingine kashika pande mbili za mgongo anazivuta zikutane, matroni anasukuma kishikizo cha zipu kwa ncha ya uma. Lilipovuliwa, meno ya zipu yalikuwa yamejichora mgongoni. Mama mkwe akasema taratibu, "Tumuombe Mungu, siku zilizobaki zinatosha." Ile sauti ya upole ilinichoma kuliko makelele ya mawifi.

Tangu hapo sahani yangu ikawa ya kamati. Kila anayepita anachungulia nimepakua nini. Jirani akaleta majani ya chai ya kukata tumbo, pakiti haina jina la kiwanda wala haisemi ndani mna nini. Kikombe asubuhi, kikombe usiku, nikawa mtu wa kushinda chooni. Mzani ukashuka, watu wakapiga vigelegele. Usiku miguu inakakamaa, nikisema naambiwa ni wasiwasi wa harusi. Siku ya sendofu nimekaa kwenye kiti cha mapambo, MC anaita ukoo wa baba waje kutoa zawadi, nikaona taa zinakwenda mbali. Nilizindukia hospitali, dripu mkononi, plasta imebandikwa juu ya hina. Daktari alituambia kilichopungua ni maji, na chumvi za mwili zimetoka nayo, ndiyo maana ya kule kukakamaa. Nilipokula na kunywa, kilo zikaanza kurudi.

Mjukuu wa Ujiji
Dada pole sana! Ehe, harusi ilifungwa?

Dada wa Isevya
Mimi niko Tabora, yangu ilikuwa kinyume. Nilipungua vizuri tu, kwa miezi, bila dawa, ila

Mjukuu wa Ujiji
Subiri kidogo dada wa Tabora, tumalizie hii kwanza.

Nesi Mstaafu
Nyingi ya hizo chai zina sena, ni dawa inayomfanya mtu aharishe. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, na kufikia hapo kalori zimeshafyonzwa zamani. Mafuta ya mwili hayatoki kwa njia hiyo. Vidonge navyo jihadharini navyo. Sibutramini, dawa ya kupunguza uzito, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo, na bado imekuwa ikikutwa imechanganywa kwenye bidhaa zinazoitwa za asili.

Mrembo wa Mwanga
Msitishe watu. Mimi nilikunywa, nikapungua, shela likaingia.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, nashukuru ulisalimika. Mwenye sukari au presha akikusikiliza wewe nitaambiwa nini?

Mama Buzebazeba
Harusi ilifungwa. Baba mdogo alilibeba shela kwenye mfuko kwa fundi mmoja mzee wa Ujiji. Kilo zangu hakuziuliza hata. Aligeuza nguo nje ndani, akapitisha futi kwenye mshono wa ubavuni: akiba ya kitambaa haifiki upana wa kidole. Akatuonyesha na mshono aliofumua kidogo, satini imebaki na vitobo vya sindano mstari mzima, akasema vile havifutiki. Basi ubavuni hakugusa. Alitoa zipu yote, akashona vitanzi pande mbili za mgongo, nyuma yake akatia kipande cha kufunika ngozi, akapitisha utepe. Kipande chenyewe alikikata kwenye mkia wa shela, uliokuwa mrefu kupita kiasi. Unakaza au unalegeza kwa mwili uliopo asubuhi ile. Nilicheza, na pilau nilikula.

Mama Gungu
Mungu ambariki fundi huyo.

Dada wa Isevya
Sasa nimalizie. Nililipia shela mapema mno. Mimi nilianza kupungua kifuani, kiuno kikafuata baadaye kabisa. Ikabidi waniweke pini kwapani kanisani, kila nikikumbatiwa zinanichoma. Nusu kilo hadi kilo kwa wiki ndiyo mwendo mzuri, ila huchagui itoke wapi. Binti, pungua kwanza, shela baadaye.

Mama Gungu
Aingie Desemba hana nguo? Mimi nasema achukue sasa.

Mpita Njia
Au sogezeni harusi mwakani, mtanikumbuka.

Fundi wa Kasulu
Namba za lebo zinawapoteza wengi. 14 ya Uingereza ni 10 ya Marekani, na mashela hukatwa madogo kuliko nguo za kawaida. Pimwa kifua, kiuno na nyonga kwa sentimita, linganisha na nguo yenyewe. Kama nyonga na kifua vimeingia, kiuno tunakimudu.

Binti Katubuka
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Mama Buzebazeba, mzee huyo bado anashona?

Mama Buzebazeba
Macho yamechoka, kijana wake ndiye anayeendelea. Nitakuelekeza pembeni. Nenda na viatu utakavyovaa siku hiyo na sidiria ile ile, pindo haliwezi kukatwa bila kisigino. Na wakikuletea chai, ipokee, shukuru, iweke kabatini.

Mjukuu wa Ujiji
Veli usinunue, ninayo ndefu ya lesi, nakuazima. Ina doa dogo la poda pembeni, kwenye mikunjo halionekani.