Jina la tovuti ya sabuni zetu: tuchague lipi kati ya haya matatu?

MamaSabuni (Tanga)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi na mdogo wangu tunatengeneza sabuni za kuogea kwa mafuta ya nazi hapa Tanga, na baada ya miaka minne ya kuuza kwenye maduka ya jirani na kutuma picha kwenye simu za wateja, tumeamua kufungua tovuti yetu wenyewe. Fundi atakayeitengeneza ametutaka tumpe jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, kabla ya mwisho wa mwezi, na hapo ndipo tulipokwama. Jina hilo litachapwa pia kwenye karatasi za kufungia sabuni, maelfu kadhaa kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo tukikosea leo tutaishi na kosa letu mpaka karatasi ziishe.

Tuna majina matatu. La kwanza ni ngarasabuni.co.tz, kwa sababu sabuni yetu wateja wanaijua kwa jina la Ng'ara. La pili ni sabunizaasili.co.tz, ambalo mimi nalipenda kwa kuwa linaeleza tunachouza. La tatu ni sabuninazi.com, chaguo la mdogo wangu, ambaye ana matumaini ya kuuza kwenye hoteli za Zanzibar na kwa ndugu zetu walioko Ulaya, na anaamini kwamba .com ina heshima kuliko .co.tz. Ninaomba mnisaidie kujua mtu anapimaje jina, ili hata kama yote matatu hayafai niweze kutafuta la nne kwa akili yangu.

FundiKurasa (Arusha)

Dada, hongereni kwa kazi. Nimewatengenezea tovuti wafanyabiashara wadogo kwa zaidi ya miaka kumi, na kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: mpigie simu mtu ambaye hajawahi kuliona jina hilo likiwa limeandikwa, mtamkie mara moja tu bila kurudia, kisha mwombe aliandike kwenye karatasi na akusomee herufi moja moja. Wateja wako wengi watalisikia jina kabla ya kuliona, ama kwa jirani, ama redioni, ama dukani, na kile watakachokiandika kwenye simu zao ni kile masikio yao yalichokipata.

Tuanze na Ng'ara. Jina la kikoa hukubali herufi za a hadi z, tarakimu, na kistari ambacho hakiruhusiwi kukaa mwanzoni wala mwishoni. Ritifaa, yaani alama iliyo juu ya ng' ya ng'ombe, haimo. Kwa hiyo Ng'ara ikiingia kwenye anwani inageuka kuwa Ngara, na Ngara ni wilaya iliyoko mkoani Kagera. Mteja atakayesoma karatasi ya sabuni atatamka ng ya ngoma badala ya ng' ya ng'ombe, na mwingine atadhani sabuni inatoka Kagera. Ninajua inauma kuliacha jina ambalo wateja wamelizoea, lakini hakuna kinachowazuia kuendelea kuiita sabuni yenyewe Ng'ara huku tovuti ikiwa na jina jingine.

Sabunizaasili lina tatizo la a mbili zinazokutana. Tunapozungumza, "za asili" hutoka mdomoni kama "zasili", na nakuhakikishia kwamba nusu ya watu wataandika a moja. Ukilipenda sana itakulazimu kununua majina yote mawili, lenye a moja na lenye a mbili, ili moja liwapeleke watu kwa jingine. Pia neno lenyewe ni la kila mtu: kila anayepika sabuni nchini anasema sabuni yake ni ya asili, na mteja aliyekusahau hatakuwa na cha kumkumbusha kwamba ni wewe.

Hili la sauti zinazochanganyika ni pana zaidi ya majina yako. Lugha yetu huandikwa karibu kama inavyotamkwa, na hiyo ni bahati kubwa katika kazi hii, ila ziko sehemu ambazo wasemaji wengi hutofautiana na jirani zao: th na s, dh na z, gh na g, r na l. Niliwahi kufanya kazi na muuza makochi aliyetaka jina lenye neno "samani", na katika watu watano tuliowapigia simu, wawili waliandika "thamani". Neno "thamani" lipo na lina maana yake, kwa hiyo mtu hawezi hata kuhisi kwamba amekosea.

Kuhusu urefu, mfumo unaruhusu herufi 63 katika kila sehemu kati ya nukta na nukta, lakini hakuna binadamu atakayekuandikia 63. Ukivuka kumi na tano au hivi, anza kupunguza.

Ughaibuni_HH (Hamburg)

Dada yangu, naomba kuongeza neno juu ya jina la tatu, na ninaliandika kwa uzito kwa sababu ninaishi Ujerumani. Kwetu pwani nazi ni tunda, ni tui, ni wali wa mchana. Huku neno lenye herufi hizohizo nne ni jina la wafuasi wa Hitler, na msomaji Mjerumani, Mfaransa au Mwingereza atakayeona sabuninazi.com hatafika kwenye picha ya sabuni yako kabla ya moyo wake kushtuka. Ubaya unazidi kwa kuwa ni sabuni: utawala ule uliua mamilioni ya Wayahudi katika kambi, na masimulizi ya kutisha kuhusu sabuni katika historia hiyo yanajulikana na watu wengi wa huku. Maneno hayo mawili hayawezi kuwekwa pamoja mbele ya mnunuzi wa Ulaya.

Hata tukiwaacha watu pembeni, mitambo inayochuja matangazo ya kulipia na barua pepe hutazama maneno bila kuuliza lugha, na anwani yenye neno hilo inaweza kukuletea usumbufu usioisha wa kujieleza. Kuandika "mnazi" hakusaidii, kwa sababu herufi nne zimo ndani. Ninasema haya nikijua kwamba neno ni letu na ni safi, na ndani ya Tanzania litumieni bila hofu kwenye karatasi na kwenye maelezo. Lakini anwani ya tovuti husafiri peke yake bila maelezo, na wewe mwenyewe umesema mnawalenga wageni wa hoteli.

FundiKurasa (Arusha)

Nakushukuru sana, ndugu wa Hamburg. Hilo lisingenijia akilini kwa uzito huo.

Nimalizie na swali la mwisho wa jina. Heshima ya .com imetokana na umri wake, kwa kuwa ilikuwapo tangu 1985 na watu huiandika kwa mazoea hata pasipo kuambiwa. Lakini .co.tz inamwambia mteja wa hapa kwamba biashara iko nchini, na mitambo ya kutafuta huichukua kama ishara ya nchi unayoilenga. Kwa biashara yenu ningesajili .co.tz iwe ndiyo tovuti yenyewe, kisha ninunue na .com ya jina hilohilo na kuielekeza hukohuko, maana asiyesikia vizuri ataandika .com. Mwambie pia anayewatajia wateja anwani asimeze "tz" mwishoni, kwa kuwa .co peke yake ni ya Kolombia. Mambo ya herufi moja si madogo: mwaka 2023 vyombo vya habari viliripoti kwamba mamilioni ya barua pepe zilizokusudiwa kwenda jeshi la Marekani, ambalo hutumia .mil, zilikuwa zikiandikwa .ml, ambayo ni ya nchi ya Mali.

Na mkishawishiwa na majina ya bure, kataeni. Gabon ilipoichukua tena .ga kutoka kwa kampuni iliyokuwa ikiigawa bure, Juni 2023, mamilioni ya majina yalifutwa.

MzeeWaKisauni (Mombasa)

Mwanangu, nimesoma ushauri wa wenzangu na wote ni mzuri, ila bado hakuna aliyekuuliza jina litasajiliwa kwa jina la nani. Umeandika kwamba fundi "ametaka mumpe jina", na sentensi hiyo imenikumbusha msiba wangu.

Nilikuwa na duka la kanzu na kofia za mkono, na kijana aliyenitengenezea tovuti alisajili jina kwa barua pepe yake na akalipa kwa kadi yake, nami nikamrudishia fedha taslimu. Kwa miaka mitatu sikuona tatizo. Siku alipohama mji na kuacha kujibu simu, muda wa jina ulikwisha, na ilani zote za kulipia upya zilikuwa zikienda kwake. Nilipofika kwa msajili, yaani kampuni inayouza majina ya kikoa, nikiwa na stakabadhi za duka na leseni ya biashara, nilionyeshwa kwenye kioo kwamba mwenye jina ni mtu mwingine, na kwamba mimi si mteja wao. Jina lile lilikuwa limepigwa mhuri kwenye mifuko yote iliyokuwa rafuni, na barua pepe za wateja wangu wa Lamu na Muscat zilikuwa zikiingia kwenye anwani hiyohiyo. Vyote vilikwenda pamoja.

Kwa hiyo sajili wewe mwenyewe, kwa msajili aliyeidhinishwa, kwa jina lako au la biashara yako, na kwa barua pepe ambayo haitegemei kikoa hichohicho, kwa sababu kikizimika hutaweza kupokea hata ilani ya kukuokoa. Nenosiri likae kwako na kwa mdogo wako. Fundi mpe ruhusa ya kuielekeza tovuti, umiliki usimpe. Uliza bei ya mwaka wa pili kabla ya kulipa ya mwaka wa kwanza, kwa maana punguzo la mwanzo mara nyingi halirudi. Kwa .com ujue kwamba jina lililokwisha muda likafutwa hukaa siku 30 ambamo mwenyewe anaweza kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5, halafu linaachwa huru kwa yeyote.

Jambo jingine, pitia kwanza BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, uangalie kama jina unalolitaka si la mwingine, na kwa kuwa mnalenga hoteli za Zanzibar, fahamu kwamba huko alama za biashara zina usajili wao mbali na wa bara. Na ukipata jina la nne, usiliandike hapa mbele ya watu kabla hujalilipia.

MamaSabuni (Tanga)

Shikamoo mzee, na poleni kwa yaliyowapata. Nimewasoma wote mara mbili, na jioni mdogo wangu naye akasoma. Tumeliacha jina la tatu bila mabishano, ingawa yeye alikaa kimya kwa muda.

Jana tulijaribu kipimo cha simu. Nilimpigia shangazi yangu aliyeko Pangani, nikamtamkia sabunizaasili, naye akanisomea: s, a, b, u, n, i, z, a, s, i, l, i. A moja, kama alivyosema fundi. Tukafikiria jina lenye neno "povu", lakini binti yangu akatukumbusha kwamba mtandaoni kutoa povu ni kufoka kwa hasira. Tukafikiria "kumbi", kwa kuwa makumbi ya nazi ndiyo bibi zetu walijisugulia, tukatafuta neno hilo na kupata kumbi za harusi kutoka mwanzo hadi mwisho wa ukurasa.

Hatimaye mdogo wangu akasema dodoki. Tulinyamaza kidogo, kisha nikampigia shangazi tena. Aliandika d, o, d, o, k, i bila kuuliza chochote, na mume wake aliyekuwa akisikiliza pembeni akasema, "Mnauza vitu vya kuogea?" Tumeunganisha neno hilo na jingine fupi, ambalo kwa agizo la mzee sitalitaja leo. Asubuhi hii nimelipia .co.tz kwa jina la biashara yetu, na risiti imeingia kwenye barua pepe yangu, ya .com nitalipia Ijumaa tukishapokea fedha za duka la Chumbageni. Mchapaji wa karatasi nimemwambia asubiri hadi Jumamosi.