Kila rizolva Uganda iweke nakala ya kanda ya mzizi, au kache inatosha?

Fundi, Mbale
Wanajamvi, hamjambo. Naileta hoja nikiwa na msimamo: kila anayeendesha rizolva ya DNS (seva inayotafuta anwani ya jina la tovuti kwa niaba ya watumiaji, na kuyahifadhi majibu kwa muda kwenye kache) nchini, awe kampuni ya intaneti, benki au chuo, aweke ndani kanda nzima ya mzizi, yaani ile orodha inayosema .ug inashikwa na seva zipi, .com na zipi. Ni kama megabaiti 2 tu. Utaratibu uliandikwa katika RFC 7706 (RFC ni hati za taratibu za intaneti) mwaka 2015, ukarekebishwa katika RFC 8806 mwaka 2020.

Mimi nahudumia shule kadhaa huku Mbale. Kompyuta zao hutafuta printa kwa majina yasiyokuwepo duniani, watoto nao wanakosea kuandika mwisho wa anwani, mfano .cmo badala ya .com. Kila jina jipya la ovyo linasafiri hadi seva ya mzizi ili tuambiwe tu kwamba halipo. Ukiwa na nakala, jibu linatoka hapo hapo, na wa nje hajui ulitafuta nini. Halafu sisi hatuna bahari. Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja tarehe 12 Mei 2024, tulionja wote.

Mhudumu wa mtandao, Kampala
Kaka, nakuheshimu ila hapa sikubaliani nawe. Rekodi ya .com kutoka kwenye mzizi inaruhusiwa kukaa kwenye kache sekunde 172,800, siku 2 nzima. Hata jibu la "halipo" linaruhusiwa kukaa hadi siku 1, ingawa programu nyingi hulipunguzia muda. Tena RFC 8198 ya mwaka 2017 inairuhusu rizolva itumie rekodi za NSEC: ikishaambiwa kati ya jina hili na lile hakuna kitu, haiulizi tena juu ya pengo hilo. Na waya ukikatika, mzizi haukupi .com, bado lazima uzifikie seva za .com zenyewe.

Ninachoogopa ni uzembe. Kuna ofisi niliitwa, faili la mzizi lilinakiliwa kwa mkono kisha likasahauliwa. Sahihi za DNSSEC, zinazothibitisha kwamba rekodi ni halali, zikapitwa na muda, majina yakaanza kukataliwa, na wao wakashinda wakiilaumu kampuni ya intaneti.

Fundi, Mbale
Dada, kuhusu .com umenishinda. Waya si sababu nzuri, naiondoa.

Lakini faili la mkono silitetei hata kidogo. BIND, programu ya rizolva, tangu toleo la 9.14 ukiiwekea mpangilio wa "mirror" huchukua kanda yenyewe, inakagua sahihi kabla ya kuitumia, na nakala ikiharibika inarudi kuziuliza seva za mzizi. Unbound, programu nyingine ya rizolva, nayo inaweza kufanya hivyo ukiipangia. Na tangu Desemba 2023 kanda ya mzizi ina rekodi ya ZONEMD, alama inayokokotolewa kutoka faili zima, kwa hiyo lililochezewa linajulikana.

NSEC ni nzuri, ila lazima iulize kwanza ndipo ijue pengo, na kache ikiisha muda inauliza upya. Faragha ya watoto wale ndiyo inayonikaa moyoni.

Mhudumu wa mtandao, Kampala
Kwa faragha nakuunga mkono. Ila futa neno "kila". Shule ambayo fundi huja mara moja kwa muhula ibaki na kache. Nakala aweke mwenye mtu wa kusoma logi (kumbukumbu za seva) kila asubuhi.

Fundi, Mbale
Nimefuta. Sasa tuulizane: nakala tuivute ng'ambo kila mmoja peke yake, au tuombe seva moja ya kuigawa pale UIXP, kituo ambako mitandao ya Uganda hubadilishana data?