Jumamosi tunabomoa baraza la mbao kwa Bibi
(Kikundi cha familia: Nyumba ya Raskazone, Tanga)

Kaka Mkubwa, 19:12
Asalaam alaykum. Shikamooni wakubwa. Nimetoka kwa Bibi sasa hivi. Lile baraza la mbao la nyuma halifai tena. Nimechomeka bisibisi kwenye nguzo ya upande wa bahari, imezama mpaka mpini. Ndani pamebaki unga tu, kama chicha.

📷 Picha

Shangazi Muheza, 19:15
Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Yarabi! Na Idi watoto walishinda hapo wanarukaruka.

Dada Dar, 19:16
Si miaka tisa tu hiyo tangu tuchangishane?

Kaka Mkubwa, 19:20
Tisa. Nguzo zilichimbiwa kwenye udongo mtupu bila zege, wakapaka oili chafu wakaona imetosha. Mbao nazo zimebananishwa, maji ya mvua hayana pa kupita. Fundi tulimlipa mpaka senti ya mwisho. Inaniuma sana.

Kitinda, 19:24
Shikamooni. Nakuja Jumamosi na wenzangu wawili. Tukizikata nguzo chini kwa msumeno linalala lote kwa mpigo, ndani ya saa moja tumemaliza.

Mjomba Pongwe, 19:25
Weee! Usithubutu!

Mjomba Pongwe, 19:37
Ngojeni niandike vizuri, maana useremala ndio ulionilea. Ukikata nguzo, lile baraza halilali unapotaka wewe. Linavuta ukuta wa Bibi au linakuangukia. Kubomoa ni kujenga kwa kurudi nyuma: kilichowekwa mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Anza na reli za pembeni. Halafu mbao za sakafu, moja moja, ukianzia upande wa bahari kurudi nyumbani, na miguu yako iwe juu ya mihimili, usikanyage katikati ya ubao. Kabla ya kugusa mihimili, egemezeni kwa mirunda. Ule ubao mrefu ulioshikizwa ukutani una bolti, na chumvi ya bahari imezila. Zimwagieni oili Ijumaa jioni, zilale nayo, asubuhi spana itazunguka. Nguzo ni za mwisho kabisa, nazo hazikatwi, zinachimbuliwa na kung'olewa. Kisiki ukikiacha ardhini umewaachia mchwa kituo.

Mjomba Pongwe, 19:39
Na ndala sitaki kuziona. Msumari uliwahi kunitoboa wayo nikaenda kuchomwa sindano ya pepopunda. Kila msumari unaotoka uingie kwenye kopo papo hapo.

Kaka Mkubwa, 19:41
Waya wa taa ya nje umepita chini ya sakafu. Nitazima umeme kwenye meini swichi kabla hatujaanza.

Shangazi Muheza, 19:42
Na mpigepige kwa fimbo kwanza. Giza lile la chini halikosi nge.

Kitinda, 19:46
Nimekuelewa Mjomba, nisamehe. Je, mbao? Jirani ana shughuli mwezi ujao, ameomba kuni za kupikia pilau.

Mjomba Pongwe, 19:52
Hapana, mwanangu. Zile za rangi ya kijani zilitiwa dawa, na dawa ya namna hiyo mara nyingi ni shaba, kromi na aseniki. Ukichoma, moshi wake sumu na majivu yake sumu. Nguzo nazo zimekunywa oili. Mwambie kwa adabu, tutamnunulia mzigo wa kuni safi. Hizo zote ziende na gari la taka. Hata banda la kuku msijengee.

Dada Dar, 19:55
Kujenga upya natuma mchango wangu mwisho wa mwezi. Ila safari hii zege kwanza.

Mjomba Pongwe, 19:58
Zege, nguzo zikae juu yake. Skrubu za stenlesi, misumari ya kawaida upepo wa pale unaila. Kati ya ubao na ubao iache nafasi ya unene wa msumari wa inchi sita.

Shangazi Muheza, 20:01
Nitaulizia bei ya mitiki ya msitu wa Longuza huku. Ndiyo ninayoiamini.

Bibi, 20:09
Wajukuu zangu nimesomewa yote. Mbao mbili za ngazini ni mvule, zilitoka kwenye mlango wa nyumba ya kwanza ya babu yenu. Hapo ndipo alipokuwa akivulia viatu akitoka kuswali. Hizo msizitupe.

Mjomba Pongwe, 20:12
Hazitupwi, Bibi. Mvule ule bado mzima, niliugonga mwezi uliopita ukalia kama kengele. Watie kipande cha ubao chini ya nyundo wakati wa kung'oa misumari, usibonyee.

Kaka Mkubwa, 20:14
Bibi, hizo mbili nitazitoa mwenyewe Ijumaa, kabla vijana hawajafika. Nitaziweka ukumbini kwako.

Bibi, 20:16
Ahsante baba. Jumamosi saa kumi na mbili unusu chai itakuwa tayari, na mkate wa kumimina. Asipande mtu na njaa.