Naombeni ushauri: nimepewa cheo cha uhariri gazetini huku Ohio, lakini moyo wangu uko kwenye kuripoti

RipotaMtaa ameandika:

Wakuu, heshima kwenu. Mimi Mtanzania, naishi Ohio, naandikia gazeti la kila siku la mji wa wastani. Nafuatilia madiwani na mahakama. Mhariri wa habari za mji anastaafu na bosi ameniambia kiti ni changu nikikitaka.

Shida ni kwamba napenda kuripoti. Napenda kukaa mahakamani hadi karani anizoee, napenda kugonga milango. Mhariri wetu anakula chakula cha mchana mbele ya kompyuta na jina lake halionekani popote. Halafu gazeti linamilikiwa na kampuni ya mbali ambayo haichoki kupunguza watu, na nikikubali huenda mimi ndiye nitakayetumwa kuwapa wenzangu barua. Mshahara utapanda, si sana. Mke wangu anasema nikubali. Mdogo wangu ameshatangaza kwenye kundi la familia kwamba kaka kawa bosi, na watu wananipongeza kwa kazi ambayo sijaipokea.

Waliopitia vyumba vya habari, hasa vya Marekani, nipeni mawazo.

Mzee wa Safu:

Kubali. Tangu 2005 Marekani imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake. Mtu anakuongezea cheo wewe unawaza milango ya kugonga!

BiKalamu:

Mzee wa Safu punguza haraka. Kaka, nimekaa dawati la uhariri Nairobi na sasa niko Minnesota, kwa hiyo najua unachokiogopa. Kabla hujajibu, pitia safari ya Dean Baquet, ripota wa Marekani aliyegeuka mhariri.

Ni mtoto wa New Orleans, amezaliwa 1956, kwao walikuwa na mgahawa. Alikwenda kusoma Columbia, New York, akaacha bila shahada kwa sababu kazi ya gazeti kwao ilimnogea. Baadaye akahamia Chicago Tribune, na huko yeye na wenzake wawili wakafukua uozo wa baraza la madiwani la jiji. Wakapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 1988. Madiwani haohao unaowafuatilia wewe, ila wa mji mkubwa. Mwaka 1990 akaingia New York Times, na miaka mitano baadaye akapewa dawati la habari za kitaifa. Tuzo aliyoipata kwa jina lake mwenyewe ni ya enzi za uripota. Zilizofuata chini ya usimamizi wake zilibeba majina ya watu wengine. Hilo ulikubali mapema, la sivyo utakuwa mhariri mwenye kijicho na waandishi wako, na nimewaona wengi wa namna hiyo.

Sasa hapo kwenye kampuni ya mbali. Mwaka 2000 Baquet alikwenda Los Angeles Times kuwa msaidizi wa mhariri John Carroll. Katika miaka mitano ya Carroll gazeti lile lilichukua Pulitzer 13. Carroll akachoshwa na wenye mali, akaondoka 2005, na Baquet akarithi kiti. Mwaka uliofuata Tribune Company, wamiliki waliokuwa Chicago, wakataka watu wapunguzwe tena. Baquet na mchapishaji wake, Jeffrey Johnson, wakakataa, na wakakataa hadharani, kwenye kurasa za gazeti lenyewe. Johnson akaondolewa Oktoba 2006, Baquet Novemba. Akaletwa mtu kutoka Chicago, James O'Shea. Januari 2008 huyo naye akaondolewa, ugomvi ukiwa uleule wa bajeti! Nacheka kila nikikumbuka. Walimtuma mtu wao, naye alipokalia kile kiti akaona yaleyale.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama utakosa kuripoti. Utakosa, hakuna dawa. Jiulize siku ukiletewa orodha ya majina ya watu wa kupunguzwa utafanya nini.

Kipanga wa Kilwa:

BiKalamu, nakuheshimu dada yangu, lakini malizia hadithi. New York Times walimchukua Baquet 2007, wakampa ofisi ya Washington, na 2014 akawa mhariri mtendaji, mtu mweusi wa kwanza kukalia kiti kile. Alikataa akiwa na Pulitzer mfukoni na marafiki New York. Huyu kaka akikataa, anaangukia wapi? Mleta mada, uko hapo kwa makaratasi gani?

Na mimi naongeza mfano wa pili, kwa sababu kuna watu wanadhani ripota mzuri lazima awe mhariri mzuri. Bob Woodward, ripota wa kashfa ya Watergate aliyemsumbua Rais Nixon hadi akajiuzulu 1974, alikuja kupewa dawati la habari za jiji la Washington Post. Septemba 1980 mwandishi wa dawati lake, Janet Cooke, akaleta habari ya mtoto wa miaka 8 anayedungwa heroini. Wahariri hawakushikilia kujua jina la mtoto wala nyumba. Polisi wakamsaka mji mzima, hola. Aprili 1981 habari ikapata Pulitzer. Unajua walioshtuka ni akina nani? Gazeti la Toledo Blade, hukohuko Ohio kwako, ambako Cooke aliwahi kufanya kazi. Wasifu wake uliotangazwa na tuzo haukulingana na ule waliokuwa nao. Ndani ya siku chache akakiri hakuna mtoto, tuzo ikarudishwa, na Ben Bradlee, mhariri mtendaji aliyesifiwa dunia nzima, akabaki kuomba radhi.

Woodward alijua kuwabana maofisa wa serikali. Kumbana mwandishi wako mwenyewe, kijana unayempenda na anayeandika kwa utamu, ni kazi nyingine. Je, unaweza kumwambia rafiki yako wa meza ya jirani, "Umejuaje hili? Nionyeshe"?

RipotaMtaa:

Kipanga umenigusa. Niko kwa kibali cha kazi kupitia gazeti hili, na wameanza kuniombea ukaazi wa kudumu. Kuhusu kumbana mtu, naweza, ila nitachukiwa.

Mwanachama Hai:

Simama hapo. Watu wanazungumzia tuzo, mimi nazungumzia karatasi. Kama maombi yako yanasema "ripota" na kazi mpya ina majukumu tofauti, kibali kinaweza kuhitaji kurekebishwa, na faili la ukaazi linaweza kurudi mwanzo. Muone mwanasheria wa uhamiaji wako mwenyewe, si wa kampuni tu.

La pili, gazeti lenu lina chama cha wafanyakazi? NewsGuild, chama cha waandishi wa habari, ipo tangu 1933 na bado inapigania waandishi kwenye magazeti mengi. Lakini sheria ya kazi ya Taft-Hartley ya 1947 haimlindi msimamizi. Ukiwa mhariri mwenye mamlaka ya kuajiri au kuadhibu, unatoka kwenye chama, na siku ya kupunguzwa huna wa kukusemea. La tatu, ripota wa saa hulipwa muda wa ziada. Mhariri wa mshahara mara nyingi halipwi. Piga hesabu ya usiku wa uchaguzi uone kama hiyo nyongeza bado ni nyongeza.

BiKalamu:

Hapo kwenye makaratasi nimenyoosha mikono. Bado nasema unaweza kuomba masharti: makala moja ya uchunguzi kila baada ya muda, na kauli yako isikike kabla ya mtu wa dawati lako kuondolewa. Baquet mwenyewe alipoacha kiti 2022 alikwenda kusimamia mpango wa New York Times wa kuwasaidia waandishi wa mikoani kufanya uchunguzi kwenye miji yao. Uangalie na huo.

RipotaMtaa:

Mrejesho, wakuu. Nimemuuliza bosi hayo mawili. Makala za uchunguzi amekubali hapohapo. La kupunguza watu amesema "tutaongea".

Mwanachama Hai:

Mwandikie barua pepe leo, mkumbushe mlichozungumza, umuulize "tutaongea" ni lini na nani atakuwepo. Ibaki kwa maandishi.

RipotaMtaa:

Nimetuma. Mwanasheria nitamuona Alhamisi. Bosi nimemuomba asubiri hadi wiki ijayo, amekubali ila amenuna.